Kwa Babu Aliyependa kwa Mgongo

Babu,

Tulishinda.

Nakutangulizia matokeo kwa sababu nakujua. Hata mechi ya mpira iliyorekodiwa hukukubali kuitazama kabla ya kuambiwa imeishaje. Ulisema moyo wa mzee haupaswi kuchezewa na vijana ishirini na wawili. Basi pokea matokeo, utulie, nami nitakusimulia mchezo wenyewe. Umezikwa ukiwa mume. Hukuzikwa ukiwa mtumishi wa nyumba ya Mwami, wala mwandamani mwaminifu, wala lile jina jingine walilolibuni sebuleni kwetu huku wakinywa chai yetu. Mume. Na aliyelitangaza hilo mbele ya jeneza lako ni mtu uliyeapa kwamba angekufa kabla ya kulitamka.

Tangu uondoke, theluji imeanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Malori yanaingia na kutoka kwenye maghala yaliyo mbele ya dirisha letu la jikoni kama zamani, na lile jekundu ulilolituhumu kwamba dereva wake hajui kurudi nyuma bado linagonga nguzo ileile. Wadogo zangu Daudi na Grasi bado wanaulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, lakini juzi Grasi alisema neno moja bila kulazimishwa, nalo nitakuambia mwishoni. Kofia yako ya sufu iko msumarini. Hakuna aliyethubutu kuiondoa. Mimi nimejaribu mara moja, Babu, mkono ukakataa.

Nataka kuiandika hadithi yenu hapa, ingawa unaijua kuliko mimi, kwa sababu nimechoka kuisikia ikinong'onwa. Jambo likinong'onwa muda mrefu hufanana na aibu, hata likiwa fahari. Ninyi mliinong'ona katika kambi ya wakimbizi, mkainong'ona Toronto, mkamfundisha Mama kuinong'ona. Mimi sikuumbwa na sauti ya kunong'ona. Wewe mwenyewe ulisema.

Ulikuwa mtoto wa mfinyanzi kule milimani Kivu, na kazi yako ilikuwa kuchukua maziwa. Kila asubuhi ulibeba kibuyu kutoka zizi la Mwami, mfalme wa kwetu, hadi nyumba ya mabinti zake. Sheria ya boma ilikuwa moja: asiye wa damu ya kifalme hamtazami mwenye damu hiyo akinywa. Ulikabidhi kibuyu, ukageuza mgongo, ukasubiri kirudishwe kikiwa kitupu. Misimu ya mvua ilipita nawe ukimjua binti mmojawapo kwa mafunda yake tu: alikunywa haraka kama mtu anayefukuzwa, kisha akashusha pumzi.

Halafu asubuhi moja sauti iliyokuwa nyuma yako ikauliza, "We mtu, una uso?"

Ukajibu, "Mama yangu anasema ninao, Mwana wa Mwami."

Akacheka hadi maziwa yakampalia. Hapo ndipo ninapokupenda zaidi katika hadithi nzima. Binti wa Mwami anakohoa, anakosa pumzi, nawe umekatazwa kugeuka. Ulifanya nini? Ulirudisha mkono nyuma bila kutazama, ukampigapiga mgongoni hadi akapona. Ulizoea kutuambia kwamba mkono wako ulimwona kabla ya macho yako, na kwamba wanaume wengine hupenda kwa macho, wengine kwa masikio, wewe ulipenda kwa mgongo. Na huyo binti, ambaye ndiye Koko, bibi yangu, alikuwa akikurushia kitambaa cha vyombo kila uliposema hivyo. Hakuwahi kukanusha.

Na ni yeye aliyesema, "Geuka."

"Watanikata kichwa."

"Basi geuka upesi, kabla hawajafika."

Mlipogunduliwa, walikuchapa, wakakufukuza. Walidhani yamekwisha. Kabla ya jua kupanda, Koko alikuwa njiani nyuma yako akiwa na kitenge kimoja na kile kibuyu. Mwami hakutuma watu wa kumrudisha. Alifanya jambo baya zaidi, jambo la kifalme kweli: alitangaza kwamba binti yake amesafiri. Amesafiri! Mkajenga, mkazaa watoto wanne, mkakimbia vita, mkazika wawili kambini, mkashuka kwenye ndege katika baridi ambayo hamkuwa na jina lake, na katika akili ya boma Koko bado alikuwa safarini, nawe ulikuwa mchukuzi wa mizigo yake. Nauliza, kama nilivyotaka kuuliza mbele yao: ni safari gani hiyo inayodumu maisha mazima? Na mchukuzi gani huzaa na msafiri?

Hapa Downsview, mtaani kwetu Toronto, ukapata kazi katika kiwanda cha mikate. Koko akasafisha ofisi kule Don Mills. Binti wa Mwami alisukuma mashine ya kufyonza vumbi kwenye mazulia ya watu waliompita bila kumwona, na hao hawakuwa wameamriwa na mtu yeyote kugeuza uso. Mimi nilijifunza siasa pale, Babu, kabla ya mhadhara wowote. Chuoni walinipa istilahi. Ninyi mlikuwa mmenipa mfano.

Kisha zikaja zile sherehe za kila mwaka za watu wa kwetu. Koko aliitwa mbele, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha madoa ya chui kilichonunuliwa dukani, kando ya Mzee Rubenga, binamu yake wa Richmond Hill, msimamizi wa mila zetu huku ugenini. Wewe ulikaa karibu na mlango wa jikoni. Nilipokuja kwako nikiwa nimefura, ulikuwa tayari umejaza sahani. "Wakili wangu," ukasema, "wao wamekalishwa karibu na hotuba, mimi nimekalishwa karibu na sambusa. Nani ameonewa?"

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini nilicheka.

Na nyumbani, kila asubuhi, mlikuwa na mchezo wenu. Ulimwaga maziwa kutoka kwenye mfuko wa plastiki, ukayachemsha na chai, ukamkabidhi kikombe, kisha ukageukia dirisha na kuyatazama malori. Koko akanywa funda la kwanza. Ukauliza bila kugeuka, "Mwana wa Mwami ameshiba?" Naye akasema, "Geuka, mjinga wewe." Ndipo mkaanza siku. Nilikua nikidhani kila familia hufanya hivyo.

Hapa ndipo tunapogombana, Babu, na kufa kwako hakutakuokoa na mabishano yangu. Nimeambiwa na Koko sasa, baada yako, kwamba mwaka baada ya mwaka alitaka kusimama pale mbele, kwenye kile kiti cha chui, akuite ukae naye. Wewe ndiwe uliyekataa. "Usinipiganie mbele za watu, nitaona haya," ulimwambia. Lakini haya haikuwa sababu. Uliogopa kwamba ukoo wake ungemfungia mlango, na asingebaki na mtu wa kuzungumza naye lugha ya baba yake. Ulikubali kuitwa mchukuzi ili yeye aendelee kuwa na kwao. Naiheshimu zawadi hiyo. Naiinamia. Hata hivyo nasema haikuwa yako peke yako kuitoa, kwa maana Mama naye aliilipia, nami pia: tuliishi kama watoto wa mtu aliyekuwa safarini. Ukiwa na jibu, nitumie kwa ndoto. Nitalipinga huko huko.

Ulipofariki, Mzee Rubenga alikuja na wazee wawili. Walivua viatu, wakakaa, wakatoa pole za kweli, sitawasingizia. Kisha akaeleza jinsi mambo yatakavyokuwa. Mwana wa Mwami hakai kwenye mkeka wa matanga, kwa kuwa mwenye damu ya kifalme halii chini kwa ajili ya mtu wa chini. Hatatajwa kanisani kuwa mjane. Wewe utatajwa kwa heshima zote kuwa mtumishi aliyemlinda Mwana wa Mwami katika safari yake ndefu.

Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa hajalala, macho yamevimba. "Tuzike kwa amani, mwanangu," akaniambia polepole. "Baba angetaka amani."

Ungeitaka, najua. Ndiyo maana niliongea mimi.

Sikupiga kelele. Unajua kelele zangu; ulizifuata hadi chuoni, ile siku tulipoandamana kwa ajili ya wasafishaji walioachishwa kazi, ukasimama nyuma ya umati na chupa ya chai, na nilipomaliza kuhutubia ukanipa kikombe na kusema, "Umepiga kelele vizuri. Umekula?" Siku hii nilitumia silaha nyingine. Nilimwuliza Mzee Rubenga swali, kwa adabu, kama mwanafunzi.

"Mzee, ndoa ya binti wa Mwami hufungwa na nini?"

Alifurahi. Hakuna kijana aliyewahi kumwuliza. "Kwa kibuyu, mwanangu. Binti hunywa maziwa mbele ya watu, kisha humnywesha mwanamume kutoka kibuyu hicho hicho. Basi. Hata Mwami hawezi kuyarudisha maziwa yaliyokwisha kumezwa."

"Lakini watu hawaruhusiwi kumtazama akinywa."

"Mpaka aruhusu."

"Nani aruhusu? Baba yake?"

"Anayekunywa. Kinywa ni chake." Kisha akagundua tulikokuwa tunaelekea, akakaza uso. "Binti, hapa si mahakamani. Na hata hivyo mmechelewa. Maiti hanywi."

Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi kidogo, Babu. Koko alikuwa amekaa kitandani akiwa ameshika shati lako. Nilidhani hakusikia.

Niliandika hotuba. Niliiandika kama sijawahi kuandika, yenye hoja, yenye methali, yenye sehemu ambayo Mzee Rubenga angelazimika kutazama viatu vyake. Siku ya ibada ukumbi wa kanisa ulijaa: watu wa kiwandani bado na buti zao, mama wa kwaya, Warundi wa ghorofa ya chini, hata yule jirani wa Mombasa uliyebishana naye kuhusu pilipili. Jeneza lako lilikuwa wazi. Ulikuwa umevaa ile suti uliyosema inakubana, na ilikuwa haikubani tena.

Nilisimama kwenye kipaza sauti. Nikasema, "Ndugu waombolezaji." Na hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Koko aliingia peke yake. Alikuwa amekataa kushikwa mkono. Kichwani hakuwa na kilemba, miguuni hakuwa na viatu, na mikononi alikuwa na kile kibuyu, kilichoning'inia juu ya televisheni yetu tangu nizaliwe. Nilijua kilicho ndani. Asubuhi ile nilikuwa nimekuta mfuko wa maziwa umekatwa mezani, na nilidhani ni kwa ajili ya chai ya wageni.

Mzee Rubenga alikiona akasimama kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa umri wake. "Mwana wa Mwami ameshika kibuyu! Geuzeni migongo!"

Nao wakageuka. Ukumbi mzima. Wazee, mama wa kwaya, hata watu wa kiwandani ambao hawakujua wanageukia nini, waliwaona wengine wakigeuka, nao wakafuata. Ukuta wa makoti meusi. Mimi sikugeuka, hilo huhitaji kuambiwa.

Koko alipita katikati ya migongo yote ile hadi kwako. Akasimama. Akapumua kama ulivyosema alivyokuwa akipumua, akiwa msichana. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya jikoni kwetu:

"Geukeni."

Hakuna aliyejitikisa.

"Nimesema geukeni, wajinga ninyi. Nina kiu na ninataka mashahidi."

Mtu mmoja alicheka, nadhani alikuwa yule jirani wa Mombasa. Kicheko kile kikavunja kitu. Mmoja akageuka, kisha benchi zima, kisha wote. Na Koko, Binti wa Mwami, ambaye hakuna mtu asiye wa damu yake aliyewahi kumwona akinywa kutoka kibuyu isipokuwa wewe, alikiinua mbele ya wapika mikate na wasukuma vitanda vya wagonjwa na watoto waliokuwa wakitafuna bisikuti. Alikunywa haraka kama mtu anayefukuzwa. Maziwa yakamchirizika kidevuni. Hakufuta.

Kisha alichovya kidole ndani ya kibuyu, akainama, akakupaka maziwa midomoni.

"Maiti hanywi!" Mzee Rubenga alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Koko hakumtazama. "Mtoto wa boma akizaliwa hufanywaje, mdogo wangu? Hupakwa maziwa midomoni, nanyi mnapiga ngoma mnasema amekunywa. Hajui kunywa, hajui jina lake, lakini mnasema amekunywa. Wewe mwenyewe nilikupaka mimi, kwa kidole hiki." Akakiinua. "Sasa huyu naye amekunywa. Nani ana neno?"

Babu, nimesoma mabishano mengi. Nimeshiriki mengi. Sijawahi kuona hoja ikitua hivyo.

Alikaa chini. Hapakuwa na mkeka; alikaa kwenye sakafu ya ukumbi, akanyoosha miguu kama mjane yeyote wa milimani, akaanza kukulilia kwa jina lako. Si kimyakimya. Alilia kama mtu anayedai chake.

Na Mzee Rubenga? Nitamtendea haki, kwa sababu ulinifundisha kwamba ushindi bila haki ni kelele tu. Alisimama pale, kofia mkononi. Angeweza kuondoka. Wale wazee wawili walikuwa wakimtazama wajue wafanye nini. Lakini yeye ni mlinzi wa mila, na mila ilikuwa imetimizwa mbele ya macho yake, kwa ruhusa ya mwenye kinywa. Maziwa yalikuwa yamekwisha kumezwa. Akasogea hadi kwenye jeneza, akakuinamia, Babu, wewe mtoto wa mfinyanzi, akauinua uso na kuita kwa ile sauti wanayoitia wafalme:

"Mkwe wa Mwami amelala! Mume wa dada yangu amelala!"

Na ukumbi ukaitikia.

Hotuba yangu niliikunja. Nilipokuja kukuaga niliitia kwenye mfuko wa koti lako, upande wa kushoto. Kurasa zote. Isome taratibu, sehemu ya pili ni nzuri sana, ingawa najisemea mwenyewe.

Asubuhi baada ya maziko nilichemsha chai mimi. Nilimkabidhi Koko kikombe, na kwa kutojua la kufanya nikaanza kugeukia dirisha, mahali pako. Akanishika mkono. "Wewe kaa hapa," akasema. "Mtu wa dirishani alikuwa mmoja." Tukanywa tukitazamana. Alilitazama dirisha, na lile lori jekundu likagonga nguzo, akasema polepole, "Hajui kurudi nyuma, huyo." Kisha akaweka kikombe chini.

Hilo ndilo lililobaki, Babu. Tulishinda na haupo. Sitajifanya kwamba la kwanza linalifuta la pili.

Lakini sikiliza neno la Grasi. Jumamosi tulikuwa makaburini, sote, baridi ikiuma masikio. Mzee Rubenga alitupeleka kwa gari lake. Sasa anamwita Mama "mtoto wa dada", na jana alimpigia simu Koko wakaongea lugha ya baba zao mpaka chakula kikaungua. Mlango uliouogopa haukufungwa. Nataka ulijue hilo kuliko yote. Basi, Daudi alimwuliza Grasi kwa Kiingereza ni nani aliyezikwa pale, akimtania, kana kwamba amesahau. Naye mtoto akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa iliyofanya watu wa kaburi la jirani watazame: "Mkwe wa Mwami!"

Nami nakuahidi haya, mbele ya Koko aliyesinzia kwenye kiti chako ninapoandika. Jiwe lako litakuwa na majina mawili, lako na lake, yakiwa sawa kwa ukubwa, na neno "mume" na neno "mke" hayataandikwa kwa herufi ndogo. Kando yako pamebaki nafasi, na Koko amekwisha kuwaambia ukoo wake wote kwamba ni yake. Siku yake itakapofika, na isifike upesi, nitasimama pale mimi mwenyewe nihakikishe amelazwa uso wake ukiwa upande wako. Na watoto wangu, nikiwapata, hawatanong'ona.

Lala salama, Mkwe wa Mwami. Lala kama mtu mwenye kwao.

Geuka, Babu. Amekwisha kunywa.

Wakili wako